Jivu Nalo Huzaa

Moto ulizimika Jumanne.
Mjini walipiga honi, wakawapikia wazimamoto.
Sisi ndipo tulipoanza kuogopa.

Moto huzaa jivu, ndivyo isemwavyo;
haisemwi jivu nalo huzaa nini.
Huzaa tope jeusi, zito kama uji,
linalongoja mvua moja tu ya Julai
liporomoke na mlima begani,
na matamvua ya samaki hayajui kukohoa.

Kule mteremkoni nilimwaga maji ya chupa yangu:
hayakuzama. Yalikaa tone tone,
yakabingirika kama shanga zilizokatika uzi.
Ardhi ilikuwa imesahau kunywa.

Tukapanda, watu wanne na nyumbu sita.
Mbele Celso Archuleta, ambaye huongea na nyumbu
kuliko anavyoongea na mkewe.
Mimi na Eufelia, betri mgongoni.
Nyuma Wendell, kijana wa chuo,
amebeba barafu na maswali.

Rito Perdido ni kijito cha kuruka usilowe.
Chini ya maporomoko wamejaa trauti wa kigeni
walioletwa kwa mapipa, kwa treni, enzi za babu zetu,
ili wavuvi wapate cha kujisifia.
Juu ya maporomoko, hawa wetu:
wa manjano, kama shaba iliyosuguliwa,
na madoa ya pilipili manga.
Mwamba wa mita tano ndio uliowalinda.
Mwamba huohuo sasa ndio mkosi wao:
atakayesombwa chini, hana pa kurudi kupanda.
Ngome na jela, mlango ni mmoja.

Umeme ukapita majini. Wakageuka, matumbo juu,
nikawachota kwa wavu.
Eufelia akahesabu kwa Kihispania,
lugha anayohesabia akiwa na hofu.
Sitini na wanane.
Mwaka juzi tulichoka kabla hawajaisha.

Wendell akauliza: Kabla yetu,
hawa walikuwa wakiokolewa na nani?

Nyumbu mmoja akapiga chafya.

Na nani! Moto ulikuja kila baada ya miaka michache,
mdogo, ukalamba nyasi, ukaaga.
Kijito kilichoungua kilijazwa na jirani yake,
samaki wakipanda kutoka mtoni
mto ulipokuwa bado mmoja.
Misonobari ikaanguka, ikazaa vidimbwi;
jua likaingia, wadudu wakafurika,
samaki wakanenepa kwa msiba wa miti.
Kisha tukaja na koleo, na mnara wa kuchungulia moshi,
miaka mia tukizima kila cheche,
tukiurundikia msitu kuni mlangoni mwake.
Mchelea mwana kulia
hulia yeye.

Hayo yote sikumjibu. Nilimwambia: Shika ndoo.

Tukashuka usiku, matangi ubavuni mwa nyumbu,
barafu ikigongana gizani.
Kila nusu saa kusimama, kila nusu saa kipimajoto:
kumi na moja. Kumi na mbili.
Kumi na tatu na nusu, na Celso akiwabembeleza
wanyama wake kwa maneno ya kanisani.
Comadre, nyumbu mzee kuliko wote,
alitembea kama aliyebebeshwa mayai.
Wanne walikufa kabla hatujalifikia lori.
Eufelia akawatia mfukoni mwa shati.
Sikuuliza.

Mvua ilinyesha siku ya tatu, dakika ishirini.
Nilikisikia kijito kabla sijakiona.
Haikuwa sauti ya maji.

Sasa wapo kwenye birika la saruji, bondeni,
sitini na wanne, vichwa vyote upande mmoja,
wakiupinga mkondo wa pampu
kana kwamba unatoka mlimani.

Kila Mei napanda kuangalia.
Mwaka wa kwanza niligeuza mawe hadi kucha zikauma.
Hamna.
Mwaka wa pili, chini ya jiwe la tisa,
mdudu mmoja wa maji, mdogo kama punje ya mchele,
ndani ya kijumba alichojishonea mwenyewe
kwa vipande vya mkaa:
alichokikuta ndicho alichojengea.

Nikalirudisha jiwe taratibu,
upande uleule.